Zamu ya Mama Ndolo

Lori lililoleta timu ya besiboli ya Kilungu lilikuwa lori la kubeba maparachichi, na wachezaji waliposhuka pale Kanyangi kila mmoja alikuwa na majani makavu makalioni. Kocha Wayua aliwasukuma nyuma ya lori wajipanguse kabla watu hawajawaona. Alikuwa amechelewa. Ng'ambo ya uwanja, basi la Kitui Radi lilikuwa limeshaegeshwa, jipya, lenye kiyoyozi, na vijana wa Radi wamejipanga kivulini mwake wakitazama. Walikuwa wamevaa majaketi yanayofanana. Jaketi, kwa jua la Kanyangi! Lakini mtu akilipwa avae jaketi, atavaa.

"Hao ndio Majembe," mmoja wao akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Wayua alisikia na hakujali. Tangu alfajiri miguu haikutaka kutulia mahali pamoja. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, muuzaji wa maparachichi soko la Nunguni, na mchezo huo aliujua tangu alipokuwa msichana wa shule. Timu ya Kilungu aliianzisha yeye, kwa mpira mmoja na gongo moja. Na leo, fainali ya ligi! Angeweza kupiga nduru palepale.

Angepiga, kama si ile hofu.

Kitui Radi ilikuwa mali ya Kiilu, mkandarasi wa visima, mtu ambaye kitu akikipenda hukinunua. Aliipenda besiboli. Wachezaji wake wote walikuwa na mshahara wa mwezi, na mpigaji wake mkubwa, Abdiaziz, kijana mrefu wa Mwingi, alisemekana kumpita mwalimu mkuu wa sekondari kwa mshahara. Juu ya mshahara kulikuwa na bonasi: ukipiga mpira ukavuka ile kamba ya mwisho wa uwanja, simu yako inalia jioni hiyohiyo, pesa imeingia.

Kilungu haikumlipa mtu hata ya soda. Kilungu ililipa kwa jembe. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, timu nzima ilikwenda shambani kwa mchezaji ambaye zamu imemfikia, na pamoja na mama zao na dada zao wakachimba matuta mpaka jua lizame. Ndio mwethya, kazi ya kusaidiana kwa zamu, ule ule ambao wazee wao waliufanya kwenye vilima hivyo hivyo, tofauti ni kwamba huu ulivaa glavu asubuhi. Asiyefika kwa mwenzake alitozwa kuku.

Mwezi wa tatu Kiilu alipanda Kilungu akamchukua Ndolo, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Sasa alimtaka na mrushaji mwenyewe, Mulinge, pamoja na wenzake wanne. Hawakumficha kocha wao. Walimwendea sokoni wakamwambia waziwazi: mshindi wa fainali anakwenda Kampala kwenye mashindano makubwa, na huko huenda akapatikana mdhamini wa kuwashika mkono. Wakishinda, wanabaki. Wakishindwa, Jumatatu wanaenda Kitui kutia sahihi.

Wayua hakuweza kuwalaumu. Wana watoto. Bila hao watano, Kilungu ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo leo timu yake ingepona au ingezikwa, na yote yalikuwa kwenye mkono wa kulia wa Mulinge, ambao tangu asubuhi ulikuwa mfukoni.

"Hebu toa huo mkono," Wayua alimwambia.

"Mkono uko sawa, Kocha."

"Mulinge. Toa."

Akautoa. Kiganja kizima kilikuwa malengelenge, na moja kubwa lilikuwa limekaa penye ncha ya kidole cha shahada, palepale mpira unapotokea. Wayua aliutazama akahisi damu ikimpanda kichwani.

"Nilisema," alisema. "Si nilisema? Nani alinisikia?"

Alikuwa amesema, tena kwa sauti iliyofika barabarani. Jumamosi iliyopita, ya mwisho kabla ya fainali, zamu ilikuwa ya Ndolo. Wayua aliwaambia jina la Ndolo likatwe. Mtu amehama, anakula mshahara wa Kiilu, anakuja kutupiga kwenye fainali, halafu tumchimbie shamba? Mulinge, ambaye huwa habishani na kocha wake, siku hiyo alibisha. Alisema zamu haikatwi. Alisema mvua iko karibu, na Mama Ndolo alichimba kwa kila mmoja wao, hata kwa Wayua, mgongo ukimuuma. Ndolo alikuwa ametuma pesa za vibarua kutoka Kitui, kweli, lakini vibarua walichimba mtaro mmoja wakala pesa wakapotea. Na yale matuta ya fanya juu, ambayo udongo unaochimbwa lazima urushwe upande wa juu wa mtaro, si kazi ya mama peke yake.

Wakaenda wote. Wayua hakwenda. Alikaa nyumbani amenuna, akisafisha glavu ambazo hazikuwa chafu.

"Utarusha na nini sasa?" akamuuliza Mulinge.

"Na huu huu," Mulinge akajibu, akaurudisha mfukoni.

Kiilu akaja kuwasalimia, tumbo mbele, tabasamu pana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu mwenye furaha kupita kiasi kwa vitu vyake.

"Mwaitu, mama yetu, karibuni Kitui!" alisema, akimshika Wayua mkono kwa mikono yake miwili. "Leo mtatuhurumia? Au niwaambie siri? Nimeleta mashine kutoka ng'ambo. Inarusha mipira yenyewe, unaiambia tu spidi. Tumeiweka spidi ya Mulinge, ile kali kabisa. Vijana wangu wamempiga Mulinge wa chuma mwezi mzima!"

Akacheka mpaka machozi. Wayua naye akacheka, maana angefanya nini, lakini ndani alikuwa amepoa kama uji wa jana.

Kilungu walipiga kwanza. Hawakuwa na mtu wa kuvusha mpira kamba, kwa hiyo hawakujaribu. Waligusa mpira kidogo tu, ukadondoka karibu, wakakimbia. Kitheka aligusa akakimbia. Kasyoki akagusa, akatolewa, lakini Kitheka akasogea besi ya pili, kituo cha pili kati ya vinne. Mbithi akausukuma kati ya wawili, na Kitheka akaingia nyumbani, kituo cha mwisho alikoanzia, huku vumbi jekundu likimfuata. Pointi moja! Wale mashabiki wachache waliokuja juu ya magunia ya maparachichi walipiga kelele za watu mia.

Kisha Mulinge akasimama katikati ya uwanja kurusha, na Wayua akashika kofia yake kwa mikono yote.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa moto kama kawaida, na mpigaji wa Radi aliucharaza nje ya mstari, mlio wake ukarudi kutoka kwenye kuta za shule. Wa pili vilevile. Walikuwa wanamjua! Mashine imewafundisha. Wayua alimwona Mulinge akikunja uso na kupuliza kidole chake. Halafu akarusha wa tatu.

Mpira ule ulitoka mkononi taratibu, ukapanda kidogo, ukaja kama mzee anayetoka kanisani. Mpigaji alikuwa ameshazungusha gongo. Alizungusha hewa, akajizungusha mwenyewe, akakaa chini, na mpira ndio kwanza unafika kwenye glavu.

"Tatu! Nje!" refa akaita.

Uwanja ulicheka wote, mpaka kondakta wa basi la Radi. Wayua hakucheka. Alikuwa ameganda, mdomo wazi. Mulinge hakuwa amepanga vile. Kidonda kilikuwa kimemkatalia kuubana mpira. Lakini mashine haikuwahi kuumwa kidole. Kwa mwezi mzima Radi walikuwa wamefundishwa kuharakisha, na sasa mwili wao wenyewe haukujua kungoja.

"Hivyo hivyo!" Wayua akapaaza sauti, akirukaruka kwenye mstari. "Mulinge! Hivyo hivyo, baba! Polepole!"

Wakaja mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakapiga upepo. Abdiaziz alikuja na gongo lake jeusi, mashabiki wakiimba jina lake, akazungusha mara tatu kwa nguvu za kuangusha ng'ombe, na mara zote tatu mpira ulikuwa bado njiani. Alirudi kwenye benchi akitikisa kichwa na kucheka mwenyewe. "Huyu jamaa anarusha nini? Barua?" Wayua alimpenda kwa hilo.

Mtu mmoja tu wa Radi hakushangaa. Ndolo alikuwa amedaka mipira ya Mulinge tangu wakiwa watoto, wakitumia mpira wa matambara, na aliujua huo wa polepole. Wayua alimsikia akiwapigia kelele wenzake kutoka kwenye benchi.

"Uache ufike! Ungoje, halafu gusa tu! Si lazima uvuke kamba!"

"Ukigusa unalipwa ngapi?" mmoja akamjibu, na benchi likacheka.

Hapo ndipo pesa ya Kiilu ilipomgeuka Kiilu. Alikuwa amelipia mipira inayovuka kamba, na vijana wake, watu wa haki, walikuwa wanajaribu kumpa alicholipia. Ndolo peke yake, awamu ya nne, alingoja, akagusa, akafika besi ya kwanza, akaiba ya pili wakati Kilungu wamelala, na kosa moja la Mbithi likamwingiza nyumbani. Wakawa sawa, moja kwa moja.

Awamu ya sita Kasyoki aligusa tena mpira wake mdogo, Kitheka akaingia, ikawa mbili kwa moja. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Makueni, meusi, ya mvua yenyewe. Upepo ukaleta harufu ya udongo. Wayua hakuwa na sauti tena. Alikuwa anapiga makofi tu, viganja vikiwaka.

Ikabaki awamu ya mwisho, na Radi ndio wa kupiga. Watu watatu tu watolewe, basi.

Wa kwanza akatolewa. Wa pili akatolewa. Wayua alianza kuiona Kampala, akaiona hasa, na barabara zake. Ndipo Abdiaziz akaja, akamtazama Ndolo kwenye benchi, akavuta pumzi, na akafanya jambo ambalo halikuwa na bonasi. Alingoja. Akagusa. Akakimbia na ile miguu yake mirefu akafika. Aliyemfuata akaona, naye akangoja, akafika. Na wa tatu. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Besi zote tatu zilikuwa na watu wa Radi, Kilungu wakiongoza kwa pointi moja, na mpigaji aliyekuwa anatembea kuja alikuwa Ndolo.

Kwa nini asiwe mtu mwingine yeyote! Wayua alitaka kulia.

Mulinge akarusha, na refa akanyoosha mkono kusimamisha mchezo. Aliuinua mpira. Ulikuwa na damu.

"Mrushaji, lete mkono," refa alisema, akaenda katikati. Wayua alikimbia naye, na Ndolo, aliyekuwa karibu, akasogea kuona. Kidole cha Mulinge kilikuwa kimechunika nyama nje.

"Hii umefanya nini?" refa akauliza.

"Jembe."

Ndolo akakunja uso. "Mulinge, nyinyi mlichimba na fainali imekaribia? Mko sawa kweli? Kwa nani?"

Mulinge alimtazama, kisha akatazama viatu vyake. Hakutaka kusema, ilionekana. "Kwenu," akasema. "Ilikuwa zamu ya mama yako."

"Lakini nilituma pesa. Kuna watu walichimba."

"Walichimba mtaro mmoja. Hiyo mingine tumemaliza sisi."

Ndolo akageuka akawatazama Kilungu waliosimama uwanjani, Kitheka, Mbithi, Kasyoki kule mbali karibu na kamba, na mtu angeona jinsi alivyokuwa anaangalia mikono yao. Jaketi lake la Radi alikuwa ameliacha kwenye benchi. Akalitazama nalo.

"Unaweza kuendelea au tukutoe?" refa akauliza.

"Naendelea," Mulinge alisema, akakifuta kidole kwenye suruali.

Wayua alirudi kwenye mstari. Na hapo likamjia wazo, na hakulifukuza: atakosa. Ndolo atazungusha gongo hewani mara tatu, kwa ajili ya mama yake, na itaisha. Alilitamani jambo hilo waziwazi, kwa moyo wote, yeye aliyekuwa anawafundisha vijana kucheza kwa haki. Alimtazama Ndolo machoni ili aone kama naye amelifikiria.

Ndolo hakumtazama. Alikanyaga ardhi, akainua gongo, akatulia. Mpira wa kwanza baada ya hapo ulikuja taratibu, mbali na gongo, akauacha upite. Wa pili akaupiga ukatoka nje ya mstari, kwa nafasi ndogo kama kidole. Wa tatu pia. Alikuwa anacheza kweli! Alikuwa anacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza, na Wayua, aliyekuwa mbioni kupoteza kila kitu, alijikuta anaona fahari, maana kijana huyo alimfundisha mwenyewe.

Mulinge akavuta pumzi. Akarusha wa polepole kuliko yote.

Ndolo aliungoja. Aliungoja mpaka watu wakadhani amelala. Kisha akauchapa, na mlio wake ulikuwa ule ambao kila mchezaji anaujua bila kuangalia. Mpira uliruka juu ya Kitheka, juu ya Mbithi, ukaenda kule kule kwenye kamba, na watatu wa Radi walikuwa wanakimbia kurudi nyumbani wakipiga kelele, na Kiilu alikuwa amerusha kofia yake juu.

Kasyoki aligeuka akampa kila mtu mgongo. Alikimbia. Hakuwa mwepisi, Kasyoki. Alikuwa kijana wa miguu mifupi anayefuga mbuzi Nunguni. Alikimbia mpaka kamba ikamgusa kiuno, akanyoosha mkono wa glavu hadi bega likaonekana litang'oka, akapinduka na kamba yake na mambo yake yote, akatoweka ndani ya vumbi.

Hakuna aliyepumua.

Kisha mkono ukatokea kwenye vumbi. Kwenye mkono kulikuwa na glavu, na kwenye glavu kulikuwa na mpira, umedakwa kabla haujagusa ardhi.

"Nje!" refa akaita, na Wayua hakusikia kingine. Alikuwa anakimbia uwanjani, mama wa heshima, sketi ameikamata kwa mkono, akipiga ile nduru aliyoiweka tangu alfajiri. Walimbeba. Walimbeba na Mulinge, wakambeba na Kasyoki, wakataka kumbeba na refa akakataa. Dereva wa lori alipiga honi mpaka betri ikachoka. Tone la kwanza la mvua likaanguka, kubwa, la baridi, na hakuna aliyelikimbia.

Kiilu alikuja katikati yao, kofia mkononi, akawapa wote mkono. "Mwaitu, nesa sana, mmecheza vizuri," akasema. Halafu, kwa kuwa ndiye Kiilu, akamgeukia Mulinge. "Ile niliyokuambia, naweka mara mbili. Mara mbili, kijana wangu."

"Asante, mzee," Mulinge akasema. "Lakini tuliongea na Kocha. Nimebaki."

Kiilu alimtazama mkono, akatazama lile lori, akatikisa kichwa kama mtu aliyesoma bei asiyoielewa.

Nyuma yake alikuwa amesimama Ndolo. Hakuwa na jaketi, na mvua ilikuwa inamlowesha fulana. Kelele zilipungua zenyewe. Wayua alishuka mabegani mwa vijana, akarekebisha sketi, akangoja pongezi zile za adabu ambazo mshindwa huwapa washindi.

"Jumamosi ni zamu ya nani?" Ndolo akauliza.

Kila mtu akamtazama Wayua. Walikuwa wanajua, naye alikuwa anajua. Wiki nzima alikuwa anajiuliza kama kuna atakayekuja.

"Yangu," alisema. "Lakini kwa mama yako mimi sikwenda, Ndolo. Nilikataa. Nilisema mkatwe."

Ndolo alifuta maji usoni akafikiri.

"Mimi sijafika kwa mtu tangu mwezi wa tatu," akasema.

"Basi tuna kuku wengi wa kutoa, mimi na wewe."

"Nitakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," Wayua alisema. "Na uje na jembe lako. La kwangu limevunjika mpini."